Una kovu la operesheni na unataka kuzaa kawaida? Soma kabla uchungu haujaanza (uzi mrefu)

Mkunga_Kanda_ya_Kati (mleta uzi)

Mbukwenyi wana jamvi, na wasio Wagogo pia hamjambo.

Jukwaa hili halipiti wiki bila dada mmoja kuuliza: "Mimba ya kwanza nilipasuliwa, hii ya pili naweza kusukuma?" Majibu nayajua kabla sijayafungua. Mmoja atamwambia asithubutu, kizazi kitapasuka afe. Mwingine atasema wifi yake alizaa kawaida zahanati ya kijijini na hakuna kilichotokea. Dada wa watu anaondoka na hofu ya huyu au ujasiri wa yule, na vyote viwili vinaweza kumponza. Mimi ni mkunga, nafanya kazi mkoani Dodoma, na hili jambo linaniuma. Naomba mnivumilie, nitaandika kwa kirefu.

Tuanze na kovu lenyewe. Ukifanyiwa operesheni ya uzazi unapata makovu mawili: la ngozi unaloliona, na la kizazi usiloliona. Watu wengi wanadhani yanafanana. Hayafanani lazima. Kuna mama mwenye mshono wa kusimama kutoka kitovuni kwenda chini, lakini kizazi chake kilikatwa kwa mlalo, chini kabisa. Na kuna mwenye mshono mzuri wa mlalo pale kwenye mstari wa chupi, ila ndani daktari alilazimika kukata kizazi kwa kusimama hadi juu, labda kwa sababu mtoto alikuwa njiti sana au amelala kibaya. Kwa hiyo mtu asikutazame tumbo akakwambia "wewe lako ni salama". Hajui.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua karibu kila kitu. Sehemu ya chini ya kizazi ni nyembamba na haifanyi kazi kubwa wakati wa uchungu. Sehemu ya juu ndiyo injini, inayokaza na kuachia kwa saa nyingi. Kovu likiwa chini kwa mlalo, uwezekano wa kupasuka kwenye uchungu ni mdogo, kama mwanamke 1 kati ya 200. Kovu likipanda hadi juu, wanaopasuka wanakadiriwa kuwa 4 hadi 9 kati ya kila 100, na baadhi yao hupasuka hata kabla uchungu haujaanza. Mama mwenye kovu la namna hiyo hajaribiwi kusukuma. Anapangiwa operesheni mapema. Vivyo hivyo aliyewahi kupasuka kizazi.

Ule msemo kwamba ukipasuliwa mara moja utapasuliwa daima una historia yake. Ulitoka kwa daktari wa Marekani, Edwin Cragin, mwaka 1916, na enzi hizo kizazi kilikuwa kinakatwa kwa kusimama. Kwa wakati wake alikuwa na hoja. Baadaye madaktari wakahamia kukata chini kwa mlalo, lakini msemo ukabaki vinywani hadi leo, hadi huku kwetu.

Sasa takwimu, maana humu kuna watu bila namba hawakuelewi. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2004 ulifuatilia wanawake 17,898 wenye kovu waliojaribu kuzaa kawaida. Waliofanikiwa ni kama 73 kati ya kila 100. Waliopasuka kizazi ni 124, yaani kama 7 kwa kila 1,000. Ukiwachambua, ambao uchungu ulianza wenyewe na ukaenda wenyewe walikuwa 4 kwa kila 1,000. Walioongezewa uchungu kwa dripu walifika 9. Walioanzishiwa kwa dawa za kulainisha mlango wa kizazi walifika 14.

Ndugu zangu, someni tena hizo namba tatu. Kovu ni lile lile. Kilichobadilika ni nani ameusukuma huo uchungu.

Na hapa ndipo ninapotaka mnielewe sana kuliko pote: wanawake hao wote walikuwa ndani ya hospitali kubwa, wanaangaliwa, thieta iko hapo hapo, mtu wa usingizi yupo, damu ipo. Hiyo "1 kati ya 200" haikusemi wewe uliyepanga kujifungulia zahanati yenye kitanda kimoja, umbali wa saa mbili kwa bodaboda kutoka kwenye chumba cha upasuaji. Kizazi kinaweza kuwa na nafasi ile ile ya kupasuka, lakini matokeo hayatakuwa yale yale. Kikipasuka, mtoto anakosa hewa. Kuna utafiti wa Los Angeles wa 1993 ulioonyesha kwamba zikipita dakika 18 tangu mapigo ya mtoto yashuke na yasirudi, madhara makubwa huanza kuonekana kwa mtoto. Dakika 18! Kutoka vijiji vyetu vya mbali kama Haneti au Mlowa hata gari halijawashwa.

Mtaniuliza, mtu atajuaje kinapasuka? Watu wanasubiri kelele na damu nyingi. Mara nyingine damu yote inamwagikia tumboni na nje haitoki hata kijiko. Nilimpokea mama mmoja usiku, ameletwa kutoka mbali, na ndugu zake walikuwa na nyuso za nafuu. "Sista, mshukuru Mungu, uchungu umetulia, alikuwa anapiga kelele sana, sasa ametulia." Nilimshika mkono, mapigo yanakimbia hadi sikuweza kuyahesabu vizuri kwa kidole. Midomo mikavu, jasho la baridi. Tumbo lilikuwa na umbo la ajabu, na nilipoweka kiganja nikagusa kiungo cha mtoto chini kabisa ya ngozi, kana kwamba hakuna kitu katikati. Kichwa kilichoandikwa kwenye karatasi ya rufaa kuwa kimeshuka kilikuwa kimerudi juu. Tulipoweka mpira wa mkojo, mkojo ukatoka mwekundu. Mtoto hatukumpata. Mama alitolewa kizazi, akapona, na huyo ndiye alikuwa mtoto wake wa pili.

Kwenye kadi yake ya kliniki, pale pa historia ya uzazi uliopita, operesheni haikuandikwa.

Kwa hiyo zijueni dalili: maumivu ambayo hayaachii hata uchungu ukipumzika, maumivu juu ya kovu ukiguswa, uchungu uliokuwa mkali kukatika ghafla, damu ukeni, mkojo wa damu, kizunguzungu na moyo kwenda mbio, mtoto kuacha kucheza. Wengine huumwa begani, maana damu ya tumboni huchokoza kiwambo cha kupumulia. Kwetu wakunga, dalili ya kwanza mara nyingi ni mapigo ya moyo wa mtoto kuharibika, ndiyo maana mama mwenye kovu anatakiwa asikilizwe kila mara, patografu (ile chati ya kufuatilia uchungu) ijazwe kweli kweli, siyo ijazwe asubuhi baada ya zamu kuisha.

Nimalizie na dawa. Msinunue "miso" duka la dawa mkaweka wenyewe ili "kuharakisha". Misoprostoli kwa mimba iliyokomaa yenye kovu haitakiwi hata hospitali. Na mitishamba ya uchungu najua italeta ugomvi humu, lakini nasema: mizizi inayokaza kizazi inakikaza na pale penye kovu, na dozi yake hakuna anayeijua.

Karibuni kwa maswali. Nitajibu kadiri ya nafasi.

---

Mama_Wawili_Nkuhungu

Asante sana sista kwa uzi. Mimi ni ushahidi. Wa kwanza alitanguliza makalio, nikapasuliwa. Wa pili alikaa vizuri, nikamwambia daktari nataka kujaribu. Hakunikatalia wala hakunikubalia siku hiyo, alinituma kwanza nikatafute karatasi niliyopewa nilipotoka wodini baada ya operesheni ile ya mwanzo. Nilichukia kweli, nikaona ananizungusha. Leo ndiyo nimeelewa alikuwa anatafuta nini. Nilijifungua salama hapa General, hospitali ya mkoa, na mkunga alikuwa kila baada ya muda mfupi ananisikiliza tumbo mpaka nikawa namwonea huruma yeye.

---

Mkunga_Kanda_ya_Kati

Hongera mama. Na kwako kulikuwa na jambo zuri: sababu ya operesheni ya kwanza haikujirudia. Aliyepasuliwa kwa sababu mtoto alikaa vibaya ana nafasi nzuri zaidi kuliko aliyepasuliwa baada ya kusukuma saa nyingi kichwa kikagoma kupita. Huyu wa pili simkatazi, ila daktari amwangalie kwa makini zaidi, hasa mtoto akiwa mkubwa. Na aliyewahi kuzaa kawaida hata mara moja, kabla au baada ya operesheni, ndiye mwenye nafasi nzuri kuliko wote. Kati yao 85 hadi 90 kwa kila 100 hufanikiwa.

---

Mzalendo_Area_D

Mi naona mnazunguka tu. Suluhisho ni kila mwenye kovu apigwe operesheni, basi. Hakuna uchungu, hakuna kupasuka, tumemaliza. Kwa nini tuwaweke dada zetu kwenye hatari hata kama ni mmoja kati ya 200?

---

Mkunga_Kanda_ya_Kati

Mkuu, nia yako ni njema na kwa mwanamke anayetaka watoto wawili tu huenda sitabishana nawe sana. Operesheni iliyopangwa kabla ya uchungu kweli inapunguza kupasuka hadi kama 2 kwa kila 10,000. Lakini nenda vijijini kwetu uulize mama anataka watoto wangapi. Kila operesheni inaacha kovu jingine, na kondo la nyuma la mimba inayofuata linaweza kujipandikiza juu ya makovu hayo na kuingia ndani ya nyama ya kizazi. Utafiti wa Marekani wa 2006 uliwaangalia akina mama ambao kondo lilikuwa limekaa chini likaziba njia. Kwa waliokuwa kwenye operesheni ya pili, kondo lilikuwa limeng'ang'ania kwa 11 kati ya 100. Operesheni ya tatu, 40. Ya nne, 61. Mama wa namna hiyo anaweza kumwaga damu ya mwili mzima mezani, na mara nyingi kizazi kinatolewa. Kwa hiyo ukimwambia binti wa miaka 20 "wewe ni wa kisu maisha yako yote", hatari hujaiondoa. Umeisogeza mbele tu, kwa mimba ya nne.

Ila nakubaliana nawe sehemu moja. Mwenye makovu mawili au zaidi, kwa mazingira yetu, apangiwe operesheni na afike kabla ya siku. Na mwenye kovu moja ambaye hana namna ya kuwa karibu na thieta, operesheni ya kupangwa ni bora kuliko kujaribu akiwa mbali. Kwa kawaida hupangwa wiki ya 39, lakini wa mbali aingie mjini mapema, asisubiri wiki hiyo akiwa nyumbani.

---

Baba_Neema_Kibaigwa

Shikamoo sista, maana naona unajua mambo. Mke wangu alipasuliwa kwa Neema, sasa Neema ana miezi 9 na mama yake tayari ana mimba ya miezi 3. Mama mkwe yuko Kwamtoro, anataka binti akajifungulie kwake ndiyo mila, na anasema ana dawa ya kienyeji ambayo mabinti zake wote walikunywa wakazaa bila shida. Mimi kumkatalia mama mkwe naona vigumu. Nifanyeje?

---

Mkunga_Kanda_ya_Kati

Marahaba mwanangu. Swali lako nalijibu kwa uzito.

Piga hesabu pamoja nami. Mke wako akijifungua, Neema atakuwa na miezi 15. Watoto wakipishana chini ya miezi 18 au 19, kovu linakuwa halijakomaa vya kutosha na uwezekano wa kupasuka unapanda. Shirika la Afya Duniani linashauri mama akae angalau miezi 24 baada ya kujifungua ndipo abebe mimba nyingine. Sikulaumu, mimba ipo na ni baraka, tuilinde. Maana yake ni kwamba mke wako hafai kabisa kuwa mbali na hospitali. Mpeleke kliniki wiki hii, Hospitali ya Wilaya pale Kongwa, waambie tarehe ya operesheni ile na tarehe ya mimba hii. Daktari ndiye ataamua kama atajaribu au atapangiwa.

Kuhusu mama mkwe, usimkatalie kama unayemshinda. Mwalike. Mwambie: "Mama, binti yako amepasuliwa, daktari anataka mtu mzima awe naye mjini, na mimi sina mwingine wa kumwamini." Aje Kibaigwa wiki za mwisho, akae na mjukuu, apike uji, ampokee mtoto. Mabibi wengi wanachotaka ni kuwepo. Hiyo dawa yake, mweleze kwa adabu kwamba mabinti wale walizaa kwa kizazi ambacho hakijawahi kukatwa, na huyu wake kimekatwa. Mama mwenye busara ataelewa.

Na msimu! Mimba yako inaangukia lini? Kama ni kati ya Desemba na Aprili, unajua makorongo yetu. Mvua ikinyesha usiku mmoja huko juu, barabara ya asubuhi hakuna. Nimeona gari la wagonjwa limesimama ng'ambo hii na mgonjwa yuko ng'ambo ile.

---

Baba_Neema_Kibaigwa

Mimba inaangukia Februari. Nimekuelewa sista. Namba ya gari la dharura ni ipi?

---

Mkunga_Kanda_ya_Kati

115, ya mfumo wa m-mama, kupiga ni bure. Inaunganisha gari la wagonjwa, na kama halipo karibu, dereva wa jamii aliyesajiliwa. Iandike kwenye simu yako, ya mkeo, na ya jirani mwenye chaji. Ila kwa mke wako sitaki utegemee 115, nataka uchungu umkute tayari yuko karibu. Uliza pia kama kuna jengo la mama ngojea hospitali utakayochagua. Akina mama wa mbali hukaa humo wiki za mwisho wakisubiri siku yao. Na mtafute mapema ndugu wawili watakaokuwa tayari kuchangia damu.

---

Binti_Mtumba

Mimi nilipasuliwa mkoa mwingine kabla hatujahamia Dodoma kikazi. Karatasi sina, na hakuna aliyeniambia nilikatwaje ndani. Nina mimba ya wiki 20. Ina maana siwezi kujaribu?

---

Mkunga_Kanda_ya_Kati

Una muda mzuri, mama. Piga simu au mtume ndugu kwenye hospitali ile, aulize kitabu cha thieta. Majina na aina ya upasuaji huandikwa humo. Mpe tarehe, jina ulilotumia wakati huo na namba ya faili kama unaikumbuka. Wakati unatafuta, mweleze daktari mimba ilikuwa na wiki ngapi na kwa nini ulipasuliwa. Aliyepasuliwa mimba imekomaa, kwa sababu ya uchungu kugoma kuendelea, karibu kila mara amekatwa chini kwa mlalo. Aliyepasuliwa mtoto akiwa na wiki 26 au 28 ndiye tunayemtilia shaka zaidi. Na utrasaundi ya sasa mwambie aangalie kondo limekaa wapi. Likiwa limekaa chini, mbele, juu ya kovu, hiyo ni habari ya kushughulikiwa hospitali kubwa kama Benjamin Mkapa mapema.

Ninawaomba na wenzangu wa kada yetu wanaosoma: mama akiondoka wodini baada ya operesheni, mwandikieni. Mistari miwili inatosha. Alikatwa wapi, na ashauriwe nini mimba ijayo.

---

Nesi_wa_Mpwapwa

Sista, mimi niko zahanati, tuko wawili tu. Ushauri wote tunautoa kliniki, lakini mama anakuja usiku amefunguka sentimita 8, ndipo anakwambia "nilipasuliwa mwaka juzi". Unafanyaje hapo? Siwezi kumfukuza.

---

Mkunga_Kanda_ya_Kati

Mdogo wangu, pole na kazi, najua hali hiyo. Piga 115 kabla hujafanya kingine, hata kama unahisi atajifungua gari likiwa njiani. Weka kanula mbili kubwa, anzisha maji, msikilize mtoto kila mara. Usimwekee oksitosini (dawa ya kukaza kizazi) kabla mtoto hajatoka, hata kama uchungu unaona unalegea. Uchungu kulegea kwa mwenye kovu ni sababu ya kukimbia naye, siyo ya kumwongezea. Usimruhusu mtu yeyote kumkandamiza tumbo ili asukume. Mtoto akichungulia, mzalishe, huna namna. Akishatoka, oksitosini ya kuzuia damu mpe kama kawaida, halafu usimwachie kwa sababu tu mtoto amelia. Kizazi kinaweza kuwa kimechanika na damu inaingia ndani. Pima mapigo na presha kila dakika 15. Mapigo yakipanda huku damu ya nje ni kidogo, ondoka naye.

Kama gari limefika na bado hajajifungua, panda naye wewe mwenyewe, beba patografu na kadi. Piga simu mbele ili thieta iamshwe mkiwa barabarani. Na ukikabidhi mgonjwa kwa wa zamu, anza na kovu: alipasuliwa mwaka gani, uchungu ulianza saa ngapi, mapigo ya mtoto ulivyoyaacha. Habari ya njia na mafuta utawaambia mama akishaingia ndani.